Ndui na Kovu la Onesimus

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuwasimulia habari za ndui. Maradhi haya yalipoingia mjini yaliua wengi, na waliopona walibaki na makovu usoni, wengine wakawa vipofu. Lakini watu wa kale walitambua neno moja: aliyeugua ndui akapona, haugui tena.

Katika mwaka 1706, mjini Boston, Marekani, kasisi Cotton Mather alipewa Mwafrika mmoja aliyefanywa mtumwa, akamwita Onesimus. Kasisi alimwuliza kama amepata kuugua ndui. Akajibu: naam na la. Kisha akaonyesha kovu mkononi, akaeleza kwamba kwao watu huchanjwa na kutiwa usaha kidogo wa ndui. Huugua kidogo, na baadaye hawaogopi tena.

Mwaka 1721 ndui ilifika Boston kwa meli. Mather aliyakumbuka maneno yale, akawaandikia matabibu. Akakubali mmoja tu, Zabdiel Boylston. Alianza kumchanja mwanawe wa miaka 6 pamoja na watumwa wawili, ambao hawakuwa na uwezo wa kukataa. Watu wakakasirika, hata kombora likatupwa nyumbani kwa Mather. Lakini tazameni hesabu. Walioambukizwa bila kuchanjwa walikuwa karibu 6,000, wakafa zaidi ya 800, yaani mtu mmoja katika kila saba. Boylston alichanja zaidi ya 240. Wakafa 6, yaani mmoja katika kila arobaini.

Hata hivyo hatari ilibaki, maana aliyechanjwa alibeba ndui yenyewe na aliweza kuwaambukiza jirani zake. Ndipo tarehe 14 Mei 1796, huko Uingereza, tabibu Edward Jenner alipochukua usaha wa ndui ya ng'ombe katika mkono wa mkamaji Sarah Nelmes, akamchanja mtoto wa miaka 8, James Phipps. Mwezi Julai alimtia ndui yenyewe, mtoto hakuugua.

Je, sababu yake nini? Ndui huletwa na virusi, vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Damu yetu ina askari, nazo ni chembe nyeupe. Adui mgeni huwakuta askari hawajajiandaa, naye huharibu mengi kabla hawajapata silaha za kumpasa. Wakishashinda, baadhi yao huishi miaka mingi wakiikumbuka sura yake. Akirudi, hupigwa mlangoni. Na ndui ya ng'ombe ni ndugu wa ndui ya watu: askari wakimjua mmoja, humtambua na mwenziwe.

Mtu wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, mwaka 1977. Alipona. Alieleza baadaye kwamba aliikwepa chanjo kwa kuogopa maumivu. Kwa hiyo, polio ilipokuwa ikipigwa vita nchini mwake, alizunguka akiwasihi wazazi wasifanye kosa lake, mpaka alipofariki mwaka 2013. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imekwisha.

Basi, wasikilizaji wetu, tukumbuke kwamba elimu hii kule Boston ilitoka kinywani mwa mtu ambaye hakuhesabiwa kuwa na elimu. Laiti kasisi asingalimwuliza, wangalikufa wengi zaidi. Tusiione aibu kuuliza, wala tusimdharau ajibuye.