uchelewaji, mwenyeji (katika michezo ya mtandaoni)

uchelewaji *nm* [u-] muda unaopita tangu mchezaji abonyeze kitufe hadi jibu la kompyuta inayoendesha mchezo limrudie. Hupimwa kwa milisekunde.

mwenyeji *nm* wenyeji [a-/wa-] 1. mkazi wa mahali. 2. apokeaye wageni. 3. kifaa cha mchezaji mmoja kinachoendesha mchezo kwa niaba ya wenzake.

Matumizi

1. *Uchelewaji* si *ucheleweshaji*. Kitenzi *chelewa* huzaa *uchelewaji*, hali ya jambo kukawia. *Chelewesha* huzaa *ucheleweshaji*, tendo la mwenye kukawiza. Umbali hauna mtendaji, hivyo neno la kwanza ndilo sahihi.

2. *Uchelewaji* si upungufu wa *kasi*. Katika matangazo ya vifurushi, *kasi* ni wingi wa data ipitayo kwa sekunde. Tafsiri ikisema "kasi ndogo" mahali pa *uchelewaji*, mwanafunzi wa Haneti, wilayani Chamwino, atanunua kifurushi kikubwa zaidi na mchezo utaendelea kukwama. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi London ni kama kilomita 7,500 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 75, hata kifurushi kiwe kikubwa namna gani. Njia ikirefuka, uchelewaji huongezeka: Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, mawasiliano ya Tanzania yalilazimika kupitia njia nyingine.

3. *Mwenyeji* na *seva*. *Seva* ni kompyuta iliyotengwa kwa kazi ya kuhudumia, haichezi. *Mwenyeji* huhudumia na kucheza. Methali husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone". Hapa mwenyeji hupona kweli, kwa kuwa amri zake hazisafiri, ilhali za wageni husafiri. Wachezaji watatu wa Haneti wakimfanya mwenzao aliye London kuwa mwenyeji, watatu huchelewa. Mwenyeji akiwa Haneti, huchelewa mmoja. Hata hivyo ukaribu pekee hautoshi: mwenyeji mwenye mawimbi hafifu huwakwamisha wote.

4. Upatanisho. Hata neno linapomaanisha kifaa, upatanisho hubaki wa a-/wa-: *mwenyeji amejitoa*, si *mwenyeji kimejitoa*.

Mifano

*Uchelewaji umefika milisekunde 200, tubadilishe mwenyeji.*

*Mwenyeji alipojitoa, mchezo ulikatika kwa wote.*

Tofautisha: *kukatika* (mawasiliano kusita kabisa), *kuganda* (picha kusimama kwa muda). Uchelewaji mkubwa waweza kuonekana kama kuganda, lakini simu yenye kumbukumbu ndogo nayo huganda. Mfasiri asiyabadilishe maneno haya ovyo, kwani kila moja huelekeza kwenye dawa yake.