Fedha za Kuvushia

Jumatatu ya tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alisimama Dodoma pamoja na Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus, Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani, akatangaza kwamba virusi vya Marburg vimethibitishwa wilayani Biharamulo, mkoani Kagera. Siku hiyohiyo, Washington, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha kwa siku 90 misaada ya maendeleo ambayo Marekani huipa mataifa mengine. Jambo moja halikusababisha jingine. Lakini yakiwekwa pamoja yanaeleza vizuri istilahi ambayo tangu mwaka ule imekuwa midomoni mwa kila aliyeajiriwa na asasi ya kiraia, ile ambayo wafadhili huipa kwa Kiingereza jina la daraja, "bridge funding".

Tuanze na Dodoma. Dkt. Tedros alisema shirika lake linatoa dola milioni 3 kutoka mfuko wake wa dharura, juu ya dola 50,000 zilizokwisha kutolewa uchunguzi ulipokuwa ukiendelea. Mfuko huo ulianzishwa mwaka 2015, baada ya Ebola ya Afrika Magharibi kuonyesha hasara ya kungoja wafadhili waitane, waahidi, kisha watume. Siku hizi fedha hutangulia, na wafadhili hujazia nyuma yake. Mlipuko wa Biharamulo ulitangazwa kuwa umekwisha tarehe 13 Machi 2025. Wagonjwa wawili walikuwa wamethibitishwa na wengine wanane kuhesabiwa kuwa huenda waliugua Marburg, na wote kumi walifariki. Huo ni msiba mkubwa kwa familia zilizoguswa. Kwa wilaya iliyo kwenye barabara ya malori yaendayo Rwanda na Burundi, ungeweza kuwa mkubwa zaidi kama wanaofuatilia watu waliokutana na wagonjwa wangengoja bajeti.

Fedha za namna hiyo ndizo ninazopendekeza ziitwe fedha za kuvushia. Ni fedha zinazotolewa haraka, kwa muda unaojulikana, ili kazi isikatike kati ya chanzo kimoja cha fedha na chanzo kingine.

Mfasiri mwenye haraka ataandika "fedha za daraja", na simlaumu, maana ndivyo neno la Kiingereza linavyosema. Lakini lisome tangazo lenye maneno hayo mbele ya mkutano wa kijiji huko Nyarubungo, Biharamulo. Msikilizaji ataelewa kwamba TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wameleta fedha za kujenga daraja, na swali lake la kwanza litakuwa ni mto upi. Hajakosea hata kidogo, kwa sababu ndivyo Kiswahili kinavyosema. Tena daraja kwetu ni cheo na kiwango pia, kwa hiyo karani wa halmashauri anaweza kudhani ni fedha zinazogawanywa kwa madaraja. Wengine huandika "ufadhili wa mpito". Hilo ni neno safi, ila tumelizoea kwenye siasa, kwenye serikali za mpito na vipindi vya mpito, na halisemi nani anampitisha nani.

Kitenzi tunacho tayari. Miezi ya njaa, kabla mahindi mapya hayajakomaa, mtu hununua debe mbili tatu akasema hizi zitatuvusha mpaka mavuno. Mshahara ukichelewa, ndugu huazimana "kitu cha kutuvusha mwezi". Kuvusha kunamtaja anayevushwa na anayemvusha, na hapohapo kunauliza: kutoka wapi mpaka wapi? Mtu havushwi mpaka katikati ya maji. Kwa sababu hiyo nasema "za kuvushia" badala ya "za kuvukia", ambayo sikioni mwa mtu wa kando ya mto inafanana mno na nauli ya kivuko.

Swali hilo la "mpaka wapi" ndilo lililokosa jibu mwaka 2025. Barua za kusitisha kazi zilianza kutoka Washington tarehe 24 Januari. Tarehe 10 Machi, Waziri wa Mambo ya Nje Marco Rubio alitangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika la misaada ya maendeleo la Marekani, imefutwa, na tarehe 1 Julai shirika hilo likaacha kufanya kazi. Mtu aliyezoea ucheleweshaji wa kawaida wa wafadhili angeweza kudhani mwanzoni kwamba ni siku 90 tu za kuvumilia. Kufikia Machi ilikuwa wazi kwamba upande wa pili, kwa miradi mingi, haukuwapo.

Kuna jambo la kihasibu ambalo mtu wa nje hulikosa. Sehemu kubwa ya fedha za miradi ya namna hii hulipwa baada ya kazi: asasi hutumia, hupeleka madai, ndipo hurejeshewa. Kwa hiyo amri iliposhuka, haikukata kazi za kesho peke yake. Iligusa na madai ya kazi zilizokwisha kufanyika, mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani ikabidi iseme, tarehe 5 Machi, kwamba haitaizuia amri ya jaji wa chini ya kulipa karibu dola bilioni 2 zilizokuwa zikidaiwa. Asasi ndogo iliyo chini ya asasi kubwa, ambayo nayo iko chini ya mkandarasi wa Marekani, husimama mwisho wa foleni hiyo. Haina akiba, kwa kuwa masharti ya miradi hayaruhusu kuweka akiba: kila shilingi ina mstari wake, na inayobaki hurudishwa. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyezoea posho ya kila mwezi ndiye wa kwanza kuambiwa asubiri, na mama anayemtembelea kumkumbusha dawa za ARV hahusiki kwa lolote na barua ya Washington.

Hapo ndipo mifuko ya dharura ilipochipuka. Founders Pledge na The Life You Can Save walianzisha mfuko wa hatua za haraka. Shirika la Unlock Aid lilianzisha mfuko ulioitwa kwa jina lenyewe la daraja. Kundi la waliokuwa wafanyakazi wa USAID, kwa jina la Project Resource Optimization, liliipitia miradi iliyofutwa, likachagua ile inayookoa maisha kwa gharama ndogo, likaitangaza kwa watoaji, na zaidi ya dola milioni 100 zikapatikana. Nawaheshimu sana watu hao. Walipoteza ajira, na bado wakakaa kuhesabu ni zahanati ipi itafungwa wiki ipi. Lakini kiasi hicho, kikilinganishwa na mabilioni yaliyoondoka, kilitosha kuvusha wachache, na waliowachagua walilazimika kuuliza: huyu tukimvusha, anafika wapi?

Ngara, jirani ya Biharamulo mkoani Kagera, inalijua swali hilo kuliko wilaya nyingi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa kama saa 24. Kambi ya Benaco ikasimama, na mashirika yakaja kwa wingi. Desemba 1996 wakimbizi wa Rwanda walirudishwa kwao, na mashirika mengi yakafunga virago. Radio Kwizera, iliyoanzishwa mwaka 1995 na Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi, haikuzimika. Baadaye ilipata mlezi mwingine, na imeendelea kuwatangazia wenyeji. Kazi hiyo ilivuka kwa sababu upande wa pili palikuwa na mwenye kuipokea.

Kwa hiyo nataka tuwe wakali kidogo katika matumizi. Fedha zinazopewa asasi ili ilipe mishahara ya mwisho, ikabidhi mafaili ya wagonjwa na kurudisha gari, si za kuvushia. Hizo ni fedha za kufungia kazi. Nazo ni za lazima, maana kufunga vibaya huumiza, lakini mtumishi anayelipwa kwazo ana haki ya kujua kwamba anaaga. Nimesikitishwa na jinsi jina la matumaini linavyobandikwa juu ya malipo ya kuagana, mtu akakataa ajira nyingine huku akingoja mradi ambao haurudi.

Za kuvushia ziandikwe na tarehe na mpokeaji. "Tunaomba fedha za kuvushia za miezi 6, hadi halmashauri itakapoingiza posho za wahudumu kwenye bajeti yake ya ndani." Au hadi Mfuko wa Udhamini wa Kudhibiti UKIMWI utakapopata mapato yake: katika bajeti ya 2025/26 serikali ilipendekeza tozo mpya ambazo sehemu yake iende huko. Sentensi isiyoweza kutaja "hadi" yake bado haijawa ombi la kuvushwa.

Limebaki jambo moja, nalo linahusu saini. Benki nazo hutumia jina hilohilo la Kiingereza kwa mkopo wa muda mfupi unaongoja fedha nyingine iingie. Huo tuuite mkopo wa kuvushia, na neno mkopo lisiachwe kamwe. Mweka hazina wa kikundi cha wajane au cha wanaoishi na VVU anapopewa hati yenye jina la daraja tu, hawezi kujua kama anapokea ruzuku au anajifunga kulipa pamoja na riba. Kiswahili kinamwambia hilo katika neno la kwanza, kabla hajafungua ukurasa wa masharti.