Mshahara wa wafanyakazi wa ndege waliotekwa au kupotea kazini

Ulinzi wa mshahara wa wafanyakazi wa ndege waliotekwa au kupotea ni kifungu cha mkataba wa kazi kinachomlazimu mwajiri kuendelea kumlipa rubani au mhudumu wa ndege aliyetekwa nyara, aliyezuiliwa na serikali ya kigeni, aliyefanywa mfungwa wa vita au asiyejulikana alipo, mradi yamempata akiwa katika kazi ya kampuni. Kifungu hiki kimezoeleka hasa Marekani, katika mikataba ya pamoja ambayo vyama vya wafanyakazi hujadiliana na mashirika ya ndege chini ya Sheria ya Kazi za Reli ya mwaka 1926. Sheria hiyo ilianza kuyahusu mashirika ya ndege mwaka 1936.

Haja yake inatokana na jinsi marubani wanavyolipwa. Katika mashirika makubwa ya Marekani, malipo hufuata saa za kuruka. Mateka haruki, hivyo hesabu ya kawaida ingempa sifuri. Kwa sababu hiyo malipo yake hupigwa kwa kima cha chini cha saa anachohakikishiwa kila mwezi, au kwa wastani wa aliyokuwa akipata kabla. Ukongwe wake kazini nao huendelea kuhesabiwa. Jambo hili si dogo, kwani ukongwe ndio unaoamua rubani ataendesha ndege gani, atapangiwa safari zipi na atakwenda likizo lini.

Sehemu yenye uzito zaidi, ingawa husomwa na wachache, ni hati ya maelekezo. Fedha huwekwa kwa jina la mfanyakazi katika vitabu vya kampuni, kisha hutolewa kwa kufuata maandishi aliyoyatia saini mapema: nani alipwe, na kwa kiasi gani. Kinachobaki hutunzwa hadi arudi, au huenda kwa wasimamizi wa mirathi akithibitika amefariki. Kwa njia hiyo kampuni haijitwiki kazi ya kuamua nani ni mke halali na nani ni mtegemezi. Lakini hati iliyojazwa siku ya kuajiriwa na kusahauliwa kabatini yaweza kumlipa mtaliki na kumwacha mama mzazi akihangaika.

Malipo yakome lini? Hapo ndipo mikataba hutofautiana. Mingine humlipa mateka hadi aachiwe. Mingine huweka kikomo cha miezi. Ndege ya mizigo ya Urusi aina ya Ilyushin Il-76 ililazimishwa na Taliban kutua Kandahar tarehe 3 Agosti 1995. Wafanyakazi wake 7 walishikiliwa hadi tarehe 16 Agosti 1996, walipowashawishi walinzi kwamba ndege inahitaji matengenezo, wakairusha na kutorokea Sharjah. Kikomo cha miezi 12 kingekwisha kama wiki mbili kabla ya kutoroka kwao. Rubani wa New Zealand aliyetekwa Papua, Indonesia, Februari 2023 aliachiwa Septemba 2024. Kikomo hicho kingemwacha bila malipo kwa zaidi ya miezi 7.

Maneno “kazi ya kampuni” nayo yana mjadala wake. Marubani wawili wa Turkish Airlines walitekwa Beirut Agosti 2013 wakiwa ndani ya basi la wafanyakazi, wakitoka uwanja wa ndege kwenda hotelini, na wakaachiwa Oktoba. Kifungu kinachotaja muda wa kuruka peke yake hakimlindi mtu aliye garini. Na huko Entebbe, Uganda, mwaka 1976, rubani mkuu Michel Bacos na wenzake wa Air France walikataa kuondoka na abiria walioachiwa, wakabaki na wale waliozuiliwa. Mwanasheria mwenye moyo mgumu angeweza kudai kwamba walibaki kwa hiari. Mwandishi makini wa mikataba humfungia mlango huo mapema.

Aliyepotea ana hesabu yake, kwani hakuna anayejua kama yu hai. Ndege ya Malaysia Airlines, safari MH370, ilitoweka tarehe 8 Machi 2014 ikiwa na watu 239, wakiwamo wafanyakazi 12. Serikali ya Malaysia ilitangaza tarehe 29 Januari 2015 kwamba ilikuwa ajali na kwamba wote wanahesabiwa wamekufa. Pasipo tangazo la aina hiyo, familia huweza kungoja dhana ya kifo kisheria, ambayo nchini Kenya huhitaji miaka 7 ya kutosikika. Kampuni hazipendi kulipa muda wote huo, na baadhi ya mikataba husimamisha malipo ya aliyepotea baada ya miezi 12.

Mabaharia wako mbele katika jambo hili. Baada ya uharamia wa pwani ya Somalia, Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya na Tanzania zimeuridhia, ulirekebishwa mwaka 2018. Tangu tarehe 26 Desemba 2020 mkataba wa ajira wa baharia na mshahara wake huendelea kwa kipindi chote anachoshikiliwa na maharamia. Kwa upande wa anga, Mkataba wa Tokyo wa 1963 huitaka nchi ambako ndege iliyotekwa imetua iwaruhusu abiria na wafanyakazi kuendelea na safari haraka iwezekanavyo, na ule wa The Hague wa 1970 hushughulika na kuwaadhibu watekaji. Yote miwili haigusi mshahara. Rubani wa kampuni ndogo ya kukodisha ndege, asiye na chama, analindwa na kile tu alichokitia saini.