Bonita Granville: Kutoka Mtoto Staa Hadi Prodyuza wa Lassie

Wadau wa filamu, ukitaja watoto mastaa wa Hollywood ya zamani, wengi wanakumbukwa kwa yaliyowakuta baadaye. Jackie Coogan, yule dogo aliyeigiza na Charlie Chaplin, alifika mahakamani mwaka 1938 kumshitaki mama yake mzazi na baba wa kambo baada ya kukuta mamilioni yake yameliwa. Mwaka 1939 California ikatunga sheria ya kulinda kipato cha watoto wasanii.

Ila yupo binti wa enzi hizo hizo aliyetoka kivingine: Bonita Granville, mzaliwa wa Chicago, 1923.

Mwaka 1936 alitikisa kwenye These Three, akiigiza mtoto mzushi ambaye uongo wake unawaharibia maisha walimu wawili. Akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji msaidizi wa kike, tena mara ya kwanza kabisa tuzo hiyo kutolewa. Siku ya sherehe alikuwa na miaka 14 tu! Zikafuata filamu 4 za Nancy Drew, 1938 na 1939, akiwa binti mpelelezi.

Shida ya mtoto staa ni moja: anakua. Nafasi zikapungua. Mwaka 1947 Bonita akaolewa na Jack Wrather, tajiri wa mafuta wa Texas, na mwaka 1956 Wrather akanunua Lassie, kipindi maarufu cha televisheni cha mbwa na familia yake. Bonita akaingia upande wa utayarishaji.

Sasa angalia hili. Mwaka 1957 Tommy Rettig, mtoto wa kwenye kipindi, alikuwa ameshafika miaka 15. Akaondoka, akaja Jon Provost wa miaka 7. Mtoto akabadilishwa, kipindi kikaendelea hadi 1973. Ndiyo biashara ilivyo: sura inapita, mwenye kipindi anabaki. Bonita alikalia viti vyote viwili.

Wapo watakaosema ndoa ndiyo ilimfungulia mlango. Sawa, mlango ulifunguliwa, lakini kazi aliifanya mwenyewe. Mwaka 1978 bado alikuwa prodyuza wa filamu The Magic of Lassie, yenye James Stewart ndani. Mumewe alipofariki mwaka 1984, akashika uenyekiti wa kampuni. Alifariki mwaka 1988.

Kwa wazazi wenye watoto wanaong'ara kwenye skrini leo: mtoto anajua kuigiza, sawa. Je, kuna anayemfundisha kazi inayofanyika nyuma ya kamera?