3G: Kwa nini kasi ya data Lodwar na Kakuma hutegemea umbali na umati

Simu za kizazi cha tatu, maarufu kama 3G, ni zile zinazofuata viwango vya IMT-2000 vya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU). Huduma hiyo ilianza kibiashara nchini Japani Oktoba 2001. Nchini Kenya, Safaricom ilipata leseni ya kwanza ya 3G mwaka 2007 na kuzindua huduma 2008.

Katika kizazi cha pili (2G), mazungumzo hutengewa njia maalum hadi simu ikatwe. Ni kama kufunga barabara ya Lodwar hadi Kakuma, takriban kilomita 120, kwa ajili ya lori moja. Data husafiri kwa namna nyingine: hugawanywa katika pakiti ndogo, kila moja ikiwa na anwani yake. Pakiti za watu wengi hutumia njia moja, kisha hupangwa upya zinapofika. Ndiyo sababu mteja hulipia kiasi cha data wala si dakika.

Mfumo huo wa pakiti ulitangulia kwa GPRS, uliobeba makumi tu ya kilobiti kwa sekunde. 3G ilifikisha kilobiti 384, na baadaye HSDPA ikapita megabiti moja.

Hata hivyo, 3G ina mipaka miwili. Kwanza, masafa ya megahezi 2100 hayafiki mbali kama yale ya 900 yanayotumiwa na 2G. Katika nyanda pana za Turkana, simu inaweza kupiga lakini isifungue intaneti. Pili, watumiaji wanapoongezeka, eneo linalofikiwa na mnara husinyaa, na walio pembezoni hupoteza mawimbi kwanza. Kakuma, yenye kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa 1992, ina msongamano wa aina hiyo.

Mwaka 2015, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilianzisha kambini humo Bamba Chakula, mpango wa kuwatumia wakimbizi pesa za chakula kupitia simu. Huduma kama hiyo huhitaji simu ya kawaida tu. Lakini mwanafunzi anayetaka somo la video, au mhudumu wa afya anayetuma picha ya mgonjwa kwa daktari aliye mbali, hawezi kutegemea 2G. Kwao, mnara kuwa karibu ni muhimu kuliko aina ya simu waliyo nayo.