Kodi Tatu za Katanga

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyezunguka nusu ya Afrika na mashine yake ya kurekodi, alifika Jadotville, mji wa migodi ambao leo unaitwa Likasi. Huko alimrekodi kijana mzaliwa wa Bunkeya, Jean Bosco Mwenda, akipiga wimbo uitwao Masanga. Anayeusikia kwa mara ya kwanza huapa kwamba wapigaji ni wawili. Kumbe ni gitaa moja kavu, lisilo na umeme, na mkono wa kulia unaotumia vidole viwili tu: dole gumba na kidole cha shahada.

Muziki ule haukuota jangwani. Reli kutoka kusini ilikuwa imefika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, tangu 1910, na kampuni ya migodi ya Union Minière ilikusanya vibarua kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Rwanda na Burundi. Watu wa lugha mbalimbali walijikuta mstari mmoja wa nyumba, wakazungumza Kiswahili, na jioni gitaa likapita mkono kwa mkono. Hakuna aliyefungua shule ya nadharia ya muziki hapo. Hata hivyo nadharia ilikuwepo, mkononi.

Msingi wake ni kodi tatu. Kodi ni sauti tatu au zaidi zinazolia pamoja, na mwanakwaya yeyote anazijua kwa majina ya do, re, mi. Katika ufunguo wa C, kodi ya kwanza, C yenyewe, ni do, mi, so. Ya pili, inayoitwa F, ni fa, la, do. Ya tatu, G, ni so, ti, re. Hesabu sauti hizo: zote saba za ngazi zimo, hakuna iliyobaki nje. Ndiyo maana wimbo wowote unaotembea ndani ya ngazi hiyo hupata kodi ya kuusimamisha, hata kama mpigaji hajawahi kuona nota zilizoandikwa.

C ina undugu na zote mbili, kwa kuwa inachangia do na F, na inachangia so na G. F na G zenyewe hazichangii sauti hata moja, hivyo kutoka moja kwenda nyingine sikio huhisi hatua kubwa.

Utamu zaidi uko kwenye G yenye fa ndani yake, ile wanayoiita G7. Mpigaji huweka kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kwenye freti ya kwanza ya uzi wa kwanza, ule mwembamba. Hapo pana fa. Uzi wa pili unaachwa wazi, unalia ti. Akirudi C, kidole kile kinahamia uzi wa pili, freti ileile. Uzi wa kwanza umebaki wazi: fa imeshuka hadi mi. Uzi wa pili umeshikwa: ti imepanda hadi do. Kidole kimoja kimesogea uzi mmoja, na sauti mbili zimekwenda pande tofauti kutafuta pumziko. Hapo ndipo msikilizaji huhisi wimbo umefika nyumbani.

Wapigaji wengi duniani huzishika kodi hizo na kuzikwangua zote kwa pamoja. Wa Katanga walizifumua. Dole gumba lilishika besi kwenye nyuzi nene, likipishana kati ya sauti mbili za kodi, huku kidole cha shahada kikichuma sauti moja moja juu yake na kuzipanga katikati ya mapigo ya besi. Kodi haikusikika kama rundo. Ilisikika kama mazungumzo. Mtaalamu David Rycroft aliuandikia upigaji wa Bosco uchambuzi mrefu mwanzoni mwa miaka ya 1960, akaonyesha jinsi mpigaji alivyoubadilisha wimbo kila alipozunguka kodi zilezile. Wanaodharau muziki wa kodi tatu kwa kudhani ni umaskini wangepaswa kuanzia hapo. Mzunguko mfupi ulimpa Bosco uwanja anaoujua kila kona, na ndani yake alikuwa huru kabisa.

Kwa aliyetaka kuimba juu zaidi, dawa ilikuwa penseli. Unailaza juu ya nyuzi, unaifunga shingoni mwa gitaa kwa uzi au mpira, na maumbo yaleyale ya C, F na G yanapanda kwa freti ulizotaka. Vidole havijifunzi kitu kipya, ufunguo umebadilika.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco na mwenzake Edouard Masengo walifika Nairobi, wakasikika redioni na katika matangazo ya biashara. Magharibi mwa Kenya palikuwa na wapigaji wa vidole wenye mtindo wao, omutibo, ambao jina la George Mukabi limeshikamana nao hadi leo. Kando ya gitaa, mwenzake wa mpigaji alipiga chupa ya soda, na mlio wake mkali ulishika mapigo. Fundi Konde wa pwani alikuwa amepita njia nyingine: alitumikia jeshi wakati wa Vita Kuu ya Pili katika kikosi cha burudani huko Asia, na gitaa lake linanukia jazi, lenye kodi zilizokolezwa sauti ya ziada.

Umeme ulipoingia kwenye bendi, kazi ya mkono mmoja wa Katanga iligawiwa watu kadhaa. Besi ilichukua kazi ya dole gumba. Gitaa la rithimu lilizungusha kodi, solo likachuma juu. Kisha Kongo ikaongeza gitaa la katikati, mi-solo, linalohusishwa sana na mpigaji Docteur Nico wa bendi ya African Fiesta. Wapo walioondoa uzi wa nne wa gitaa hilo na kufunga mahali pake uzi mwembamba unaolia oktavu moja juu. Umbo la kodi ni lilelile kwenye vidole, lakini sauti zake zimejipanga upya: ile iliyokuwa chini sasa inameta juu, karibu na solo. Ndani ya sebene, sehemu ya wimbo ambapo magitaa hutawala, C, F na G zinazunguka bila kuchoka, na magitaa matatu yanazishika katika sehemu tatu tofauti za shingo, kila moja likiacha nafasi zinazojazwa na jingine.