Mikate Miwili ya Saa Tisa

Nilipoanza kusoma habari za watawa wa jangwa la Misri, nilidhani aliyefunga na kunyamaza kupita wenzake ndiye waliyemwona mtakatifu zaidi. John Cassian alinisahihisha. Aliishi kati yao mwishoni mwa karne ya 4, na katika miaka ya 420, akiwa Marseille, akaandika mazungumzo yao kwa Kilatini.

Anasimulia habari za mzee Hero, aliyekaa jangwani miaka 50. Hata siku ya Pasaka hakula na ndugu zake, asije akaonekana amelegeza mfungo kwa kuonja dengu. Mwishowe alisadiki sauti aliyoidhani ya malaika, akajitupa kisimani, akiamini fadhila zake zingemlinda. Walimtoa nusu mfu. Akafa siku ya tatu. Padri Paphnutius nusura amhesabu pamoja na waliojiua.

Kwa maoni yangu, kimya cha Hero kilimponza kwa sababu hakikuwa na mtu wa kukipima. Wazee walikuwa na kipimo: mikate midogo mikavu miwili kwa siku, isiyozidi sana gramu 300, huliwa saa tisa alasiri. (Warumi walihesabu saa tangu macheo, kama sisi.) Kipimo hiki chaonekana chepesi. Lakini kijana Benjamin kilimshinda: alipenda kushinda siku nzima bila kula, ili kesho yake apate mikate minne na kushiba. Baadaye aliacha utawa.